Nusu Pointi ya Reykjavik

Ukianza kucheza chesi leo, kabla hata hujazoea namna farasi anavyoruka, kuna mtu atakutumia ile video. Mtoto wa miaka 13 amekaa mbele ya ubao huko Reykjavik, mji mkuu wa Iceland. Mpinzani wake amechelewa. Dogo amesukuma askari wake wa kwanza na saa inahesabu, lakini kiti cha upande wa pili hakina mtu. Baadaye anaingia mwanamume wa miaka 40 mwenye uso wa hasira, anakaa, mchezo unaanza. Muda si muda yule mtoto anainuka na kwenda kuchungulia mbao za wengine, kama mtu aliyeachiwa foleni ya benki na anatafuta cha kutazama. Aliyebaki kwenye ubao ameshika kichwa kwa mikono miwili. Huyo aliyeshika kichwa ni Garry Kasparov. Mtoto ni Magnus Carlsen, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi, 18 Machi 2004.

Mchezo uliisha sare baada ya hatua 52.

Watu wengi wanaitazama hiyo video kama trela ya sinema ambayo mwisho wake wanaujua tayari. Carlsen alikuja kuwa bingwa wa dunia, kwa hiyo kila anachofanya pale kinaonekana ni ishara. Anainuka, wanasema ona kujiamini. Anapiga miayo, wanasema ona, hata haogopi. Mimi nataka tuuchukue huo mchezo tuuweke mahali pake, Machi 2004, wakati hakuna aliyejua lolote, halafu tujiulize nusu pointi ile ilikuwa na thamani gani siku ile yenyewe. Nadhani tumeisoma vibaya.

Tuanze na tofauti ya nguvu, maana hiyo ina namba. Katika orodha ya Shirikisho la Chesi Duniani, FIDE, mwanzoni mwa 2004, Kasparov alikuwa na alama 2831. Carlsen alikuwa na 2484. Tofauti ni 347. Kama hujazoea hizi hesabu, alama hizo zinaitwa Elo, na si kifupisho cha maneno yoyote. Ni jina la mtu, Arpad Elo, profesa wa fizikia aliyezaliwa Hungaria akakulia Marekani. Alitengeneza njia ya kukadiria matokeo kutokana na pengo la alama kati ya wachezaji wawili, na FIDE wakaichukua mwaka 1970. Ukiziingiza hizo 347 kwenye fomula yake, mchezaji wa chini anatarajiwa kuvuna kama pointi 12 katika michezo 100. Hapo ushindi ni pointi moja na sare ni nusu. Kwa hiyo akicheza na Kasparov mara 100, mtoto huyu angeweza kupata sare 24 tu na kupoteza 76 zote zilizobaki, na hesabu ingekuwa sawasawa kabisa na matarajio.

Ebu rudia hiyo. Sare moja kati ya michezo minne. Kwa namba peke yake, sare ile haikuwa muujiza. Ilikuwa bahati ya kawaida, kama timu iliyopanda daraja msimu huu kutoka droo na Gor Mahia Jumamosi moja yenye mvua. Inatokea, na mashabiki wanaenda nyumbani wakinung'unika.

Kilichofanya mchezo ule uwe tofauti hakimo kwenye namba. Kimo kwenye hatua zenyewe, na hizo watu wanaosambaza video hawazitazami.

Carlsen alikuwa na kete nyeupe. Kasparov, kwa kete nyeusi, alichagua mfumo unaoitwa Cambridge Springs, ambapo malkia mweusi anatoka mapema na kwenda pembeni kubana farasi wa mpinzani. Jina hilo linatokana na mji mdogo wa Pennsylvania, Marekani, ulioandaa mashindano makubwa mwaka 1904. Kwa hiyo jina hilo lilikuwa linatimiza miaka 100 kamili, na nadhani wazo la Kasparov lilikuwa rahisi. Mpeleke mtoto mahali penye mitego ya zamani ambayo hajaisoma, ajikwae mwenyewe. Wakubwa wengi hucheza hivyo na wadogo, kwenye chesi na nje ya chesi.

Hakujikwaa. Katika hatua ya 24 alimsukuma askari wake wa katikati mbele, kwenye kundi la kete za Kasparov, na ghafla mistari ikafunguka. Hatua tatu baadaye farasi mweupe akala askari wa Kasparov bila kulipa chochote. Kama hujui chesi ya ngazi hiyo, askari mmoja unaweza kudhani ni kitu kidogo. Kati ya watu wawili wanaojua kazi yao, askari mmoja ni deni linalokufuata hadi mwisho wa mchezo. Ngome zinabadilishana, malkia wanabadilishana, kete zinapungua, lakini deni liko palepale, na kadiri ubao unavyozidi kuwa mtupu ndivyo linavyozidi kuonekana. Hatimaye yule askari wa ziada anaanza kutembea kuelekea upande wa pili wa ubao, ambako akifika anageuka kuwa malkia.

Basi hapo ndipo alipokuwa bwana mkubwa, mtu aliyekuwa namba moja duniani karibu miaka 20. Katika hatua ya 33 malkia wote walikuwa wametoka, na mtoto wa shule alikuwa mbele kwa askari mmoja.

Sasa sikiliza Kasparov alivyojiokoa, kwa sababu hapa ndipo ninapompenda mzee, na sijaona watu wakimpa haki yake. Kila mchezaji anaanza na maaskofu wawili, mmoja wa miraba myeupe, mwingine wa miraba myeusi. Askofu hatoki kwenye rangi yake hata siku moja. Kasparov aliishia na askofu wa miraba myeupe. Carlsen alibaki na wa miraba myeusi. Maaskofu wa namna hiyo wanaweza kuishi ubao mmoja mpaka kiama bila kugusana, kama majirani wa ghorofa moja ambao mmoja anafanya kazi mchana na mwingine usiku. Matokeo yake, aliye nyuma anaweza kujenga ukuta kwenye rangi ambayo askofu wa mpinzani hawezi kuifikia. Ni moja ya mbinu kongwe za mtu anayezama. Haipendezi kuitazama, na ngome zikiwa bado ubaoni haikuhakikishii chochote, lakini inakupa pumzi.

Carlsen alimsogeza askari wake wa pembeni hadi mraba wa tano, bado mitatu awe malkia. Kasparov alimzuia kwa askofu, kisha akaitumbukiza ngome yake nyuma ya safu za mpinzani, akaanza kusumbua. Huu ulikuwa mchezo wa haraka, dakika zilikuwa zinakwisha, na mtoto alikuwa anatafuta njia ya kupenya bila kuiona. Wachambuzi walioupitia mchezo baadaye wanakubaliana kwamba alikuwa na nafasi nzuri ya kushinda. Kufikia hatua ya 52 nafasi hiyo ilikuwa imeyeyuka. Yule askari wa pembeni hakuwa na mlinzi tena. Wakapeana mikono, Kasparov akaondoka kwa haraka.

Kwa hiyo mmoja aliondoka mezani akiwa ameokoa nusu pointi, na mwingine akiwa ameipoteza nusu. Magazeti yaliandika kinyume chake, kwamba mtoto amepata na mzee amepoteza. Wakati kiukweli aliyepigana kwa jasho kuipata ile sare ni Kasparov.

Hapa nataka niende nyuma kidogo, kwa sababu kuna jambo la Kasparov mwenyewe ambalo linafanya yote haya yawe na ladha. Septemba 1984, akiwa na miaka 21, alikaa Moscow kugombea ubingwa wa dunia dhidi ya Anatoly Karpov. Kanuni zilisema wa kwanza kushinda michezo sita ndiye bingwa, na sare hazihesabiki. Karpov alimtandika. Baada ya michezo tisa ilikuwa 4 kwa 0, na dunia yote ilikuwa inasubiri mazishi.

Kijana akabadilisha mpango. Aliacha kutafuta ushindi na akaanza kutafuta sare. Zikaja 17 mfululizo, moja baada ya nyingine, wiki baada ya wiki. Watazamaji walichoka, waandishi wa habari walichoka, na Karpov, mtu mwembamba ambaye hakuwa na kilo za kupoteza, alianza kuchoka pia. Karpov alishinda mchezo wa 27, ikawa 5 kwa 0, akabakisha mmoja tu. Hakuupata. Kasparov alishinda wa 32, zikafuata sare nyingine, halafu akashinda wa 47 na wa 48. Februari 1985 rais wa FIDE, Florencio Campomanes, alisimamisha mechi nzima bila mshindi. Michezo 48, sare 40. Wakaanza upya mwaka huohuo kwa kanuni nyingine, na Novemba Kasparov akawa bingwa akiwa na miaka 22.

Ukitaka kujua nani ameelewa thamani ya sare kuliko mtu yeyote aliyewahi kugusa kete, ni huyo. Alijengwa na sare. Alijifunza mbele ya bingwa wa dunia kwamba mnyonge hahitaji kushinda leo. Anahitaji asipigwe leo, na kesho asipigwe tena, mpaka mwenye nguvu aanze kutazama saa. Na miaka 20 baadaye, Reykjavik, alipojikuta nyuma kwa askari mmoja dhidi ya mtoi, alitumia darasa lilelile. Tofauti ni kwamba mara hii aliyekuwa akiitafuta sare ndiye aliyekuwa na nguvu.

Na tusidhani nusu pointi ni kitu kilichoshuka kutoka mbinguni pamoja na mchezo. Kwa muda mrefu watu hawakujua waifanyie nini sare. London 1862, mchezo ukiisha sare unarudiwa mpaka mmoja aanguke. Paris 1867, waandaaji walikasirika wakaamua sare iwe sifuri kwa wote wawili, yaani mmepoteza muda wetu, nyote mmeshindwa. Mwaka huohuo wa 1867, huko Dundee, Uskoti, ndipo waandaaji walipoamua kugawa pointi katikati, nusu kwa huyu na nusu kwa yule. Hata hivyo haikukubalika mara moja. London 1883 walirudia kurudiarudia sare, na ni sare ya tatu tu iliyohesabiwa.

Mimi naona ule uamuzi wa Dundee ni mkubwa kuliko unavyopewa sifa. Chini ya kanuni ya Paris, mnyonge akimshikilia mwenye nguvu saa sita, anaambulia sifuri sawa na aliyepigwa dakika ya kwanza. Chini ya kanuni ya kurudia, mwenye nguvu anapewa nafasi nyingine, na nyingine, na uwezekano wake unajirudisha wenyewe. Nusu ndiyo iliyomfanya mdogo awe na sababu ya kukaa kwenye kiti. Bila Dundee, Reykjavik pangekuwa na mchezo wa marudio, na ungekuwa umemsikia Carlsen kwa njia tofauti kabisa.

Kwa sababu kulikuwa na mchezo wa pili, si wa marudio, ila mashindano yalikuwa ya mtoano na kila jozi ilicheza michezo miwili. Huu wa pili hauna video inayosambazwa. Kasparov alichukua nyeupe, akaja kwa wakati, akacheza kwa utulivu, na akashinda. Carlsen akatolewa raundi ya kwanza. Alipoulizwa, alisema alicheza kama mtoto, na hiyo inanukuliwa kama utani mtamu. Mimi sioni utani. Namsikia mtu ambaye saa chache kabla alikuwa amemshika mtu mkubwa pabaya, akamwachia, halafu akalipishwa.

Hebu fikiria sasa kama mambo yangeishia hapo. Tuseme Carlsen angechoka na chesi akiwa na miaka 17, akaenda kusomea uinjinia, akawa babake watoto wawili Oslo. Video ile ingekuwa nini? Ingekuwa kisa cha kuchekesha kwenye karamu, kwamba unajua nilipokuwa mdogo nilitoka sare na Kasparov. Wako wengi wa aina hiyo. Chesi imejaa watoto waliowashikilia mabingwa siku moja kisha wakatoweka, na hakuna anayesambaza video zao, kwa sababu hakuna mwendelezo unaozipa maana. Sare yenyewe haikumfanya Carlsen kuwa Carlsen. Sisi ndio tuliorudi nyuma kutoka 2013, mwaka alioutwaa ubingwa wa dunia kule Chennai kwa kumpiga Viswanathan Anand, tukaokota kila kitu kilichong'aa njiani na kukiita dalili.

Ukitaka dalili za kweli, ziko, ila si za kupendeza kwa video. Januari 2004 alishinda kundi C la Wijk aan Zee, Uholanzi, kwa pointi 10 na nusu kati ya 13. Februari alikuwa Moscow. Machi alikuwa Reykjavik, na siku moja kabla ya Kasparov alikuwa amemshinda Karpov, ndiyo, Karpov yuleyule, katika chesi ya dakika chache. Aprili akawa Dubai, ambako alipata kigezo cha mwisho na kuwa grandmasta akiwa na miaka 13 na miezi minne na ushee. Wakati huo ni Sergey Karjakin pekee aliyekuwa amekipata cheo hicho akiwa mdogo zaidi. Hesabu hizo safari. Uholanzi, Urusi, Iceland, Dubai, ndani ya miezi minne.

Nani alilipa? Wazazi, kwa sehemu kubwa. Walikuwa wamewatoa watoto shuleni mwaka mzima, wakazunguka Ulaya na familia nzima kwenye gari, kutoka mashindano hadi mashindano. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hiyo siwezi kumhubiria mtu kuhusu shule, lakini nimegundua kwamba kuacha darasa kunaitwa ujasiri au upotevu kulingana na nani analipa mafuta. Kocha wake Simen Agdestein alikuwa grandmasta, na pia aliwahi kuichezea timu ya taifa ya soka ya Norway. Yaani huyo mtoto alifundishwa na mtu anayejua mwili unavyochoka na akili inavyochoka, vyote viwili.

Na hapa ndipo ile hesabu ya Elo inapoanza kuuma kwetu. Alama zile hazitoki hewani. Unazichukua kwa mtu. Ukimshinda mwenye alama 1800, anapungua, wewe unaongezeka. Ukitoka sare na aliye juu yako sana, anakupa kipande kikubwa bila wewe kushinda. Maana yake, sare dhidi ya mkubwa ndiyo ngazi ya haraka kuliko zote kwa mdogo. Lakini lazima huyo mkubwa awepo chumbani. Nairobi, Kisumu, Kampala, wachezaji wetu wazuri wanakutana wenyewe kwa wenyewe, wikendi baada ya wikendi, na alama zinazunguka kama pesa za chama: leo kwa Mama fulani, mwezi ujao kwa mwingine, jumla ni ileile. Mtu anaweza kuwa ameimarika maradufu na namba yake isisogee, kwa sababu wote waliomzunguka wameimarika pamoja naye na hakuna hata mmoja aliyeleta pointi kutoka nje.

Ndiyo maana nasita watu wanaponiambia tofauti ya alama inaonyesha tofauti ya akili. Inaonyesha pia umbali wa uwanja wa ndege. Amon Simutowe wa Zambia, wa kwanza kusini mwa Sahara kuwa grandmasta, alilelewa kwenye mbao za nyumbani, lakini vigezo vyake vilitafutwa akiwa ng'ambo, baada ya kwenda kusoma Texas kwa ufadhili wa chesi. Kipaji kilikuwepo Zambia. Wa kumpa sare hawakuwepo.

Lugha yetu inajua mchezo huu kitambo, kwa njia. Sataranji si neno la kutafsiriwa juzi. Limekuja pwani kutoka Kiarabu, shatranj, ambalo Waarabu walilichukua kwa Waajemi, nao Waajemi wakalitoa kwa Wahindi, chaturanga. Neno limepita bandari zote hizo kabla halijafika kwetu. Kwa hiyo mtu akikuambia chesi ni mchezo wa wazungu, mwambie hata jina la Kiswahili ni la zamani kuliko ile kanuni ya Dundee. Leo vijana wengi wanasema chesi, sawa, na mtaani drafti ya vifuniko vya soda bado inavuta umati mkubwa zaidi. Ila neno lipo, linasubiri.

Turudi kwa wale wawili. Mwaka uliofuata, Machi 2005, Kasparov alistaafu baada ya mashindano ya Linares, Uhispania, akiwa bado namba moja. Mwaka 2009 alianza kumfundisha Carlsen, wakakaa pamoja kama mwaka mmoja hivi. Mwanzoni mwa 2013 Carlsen aliivuka rekodi ya mwalimu wake, 2851, na Mei 2014 akafika 2882, alama ambayo hadi leo hakuna binadamu aliyeifikia.

Halafu ikaja 2020. Korona, kila mtu nyumbani, mashindano yamehamia intaneti. Septemba, klabu ya chesi ya Saint Louis ilialika wachezaji kumi kucheza aina ya chesi ambayo kete za nyuma zinapangwa kwa bahati nasibu, kuna mipangilio 960, ili mtu asije na majibu aliyokariri. Aliyeibuni ni Bobby Fischer, bingwa aliyetwaa taji lake palepale Reykjavik mwaka 1972 na akafia mji huohuo 2008. Orodha ya walioalikwa ilikuwa na Carlsen, bingwa wa dunia, miaka 29. Ilikuwa pia na Kasparov, miaka 57, ambaye alikuwa nje ya mashindano ya kawaida miaka 15.

Pengo la nguvu lilikuwa limegeuka kabisa. Safari hii mtoto ndiye aliyekuwa mkubwa, na mzee ndiye aliyetakiwa kushikilia. Carlsen alipata nafasi bora, akaminya, akaminya tena. Kasparov alikuwa anakunja uso mbele ya kamera ya kompyuta kwa ile sura yake ya tangu enzi za Karpov, anatafuta mahali pa kujificha. Wale waliokuwa wanatazama moja kwa moja walishaanza kumwandikia pole.

Carlsen hakuipata njia. Kete zilipungua, nafasi ikayeyuka, na mchezo ukaisha sare. Carlsen alimaliza mashindano akiwa wa kwanza pamoja na Hikaru Nakamura, wote pointi 6 kati ya 9. Ile nusu ambayo Kasparov alimnyima, angeipata, angekuwa peke yake juu.